Nilifuta icons zote kwenye kompyuta ya bosi Makambako, barua ya Mwalimu ikiwa humo ndani. Kilichoniokoa ni kisanduku cha Run

Wakuu, kamwene kwa watu wa nyanda za juu kusini, na nyinyi wengine poleni na majukumu ya siku.

Mimi si mtu wa kuanzisha nyuzi. Huwa nasoma, nacheka, napita kimya kimya. Ila hili limenikaa kifuani miaka mingi na leo naliweka hapa kama lilivyokuwa. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wana watoto na wajukuu. Mengine yote ni kweli, hata yale yanayonidhalilisha mwenyewe.

Kilichonifanya niandike ni kitu kidogo sana. Juzi ofisini mwenzangu alikuwa anatafuta calculator kwenye kompyuta. Anahangaika na mouse, anafungua menu hii, anafunga ile. Nikainama, nikashikilia kitufe chenye alama ya Windows, nikabonyeza R, nikaandika calc, nikapiga Enter. Ikatokea hapo hapo.

Akaniangalia. "Mama Joshua, wewe haya umejifunzia wapi?"

Nikamwambia nimejifunzia Makambako, navuka lami huku nalia.

Akadhani natania.

Sasa twende taratibu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Wale wa umri wangu mnaikumbuka ile hali. Ruksa zimefunguka, mitumba imejaa, kila mwenye mtaji kidogo anajaribu biashara ambayo baba yake hakuwahi kuisikia. Makambako ndiyo usiseme. Njia panda ya Mbeya, Iringa na Songea, malori usiku na mchana, wageni kutoka kila mkoa.

Bosi wangu alikuwa mmoja wa hao wageni. Mzee Shabani, mtu wa Kondoa, kanzu na kofia kila siku, alikuwa na malori mawili na duka la spea kando ya barabara kuu. Siku moja akaja na kompyuta ya mtumba iliyotoka Dubai, printer ile ya kukwaruza karatasi, na wazo. Akapanga chumba upande wa pili wa barabara, mkabala na duka lake, akaweka kibao "Secretarial Services", akatafuta mtu wa kukaa humo.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wa wakulima wa Kibena, nimetoka kuchukua cheti cha kuchapa Njombe mjini. Kuchapa kwa taipureta, wakuu. Kompyuta mwalimu wetu, Madam Neema, alituonyesha wiki ya mwisho tu. Darasa zima mashine moja, kila mtu dakika kumi.

Kwa hiyo niliyoyajua ni haya. Kuwasha. Kubonyeza mara mbili ile picha yenye herufi W. Kuchapa, kusave, kuprinti. Kuzima. Kama kompyuta ingekuwa gari, nilijua kupiga honi na kwenda mbele.

Na kazi iliendelea vizuri tu. Barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, mikataba ya kukodi mashamba. Watu wanakaa kwenye benchi wananiangalia nikichapa kama wanaangalia sinema.

Mmoja wao alikuwa Mwalimu Mgaya.

Mwalimu Mgaya alikuwa amestaafu, anaishi kijijini Mahongole peke yake baada ya mkewe kufariki. Mrefu, mkavu, koti lilelile la kijivu, baiskeli anaiegesha ukutani na kuifuta vumbi kabla hajaingia. Kila Jumatano. Namsalimia shikamoo, anaitikia marahaba, anakaa, anatoa karatasi mbili tatu za fulskepu kutoka mfuko wa ndani.

Ilikuwa barua moja ndefu, akiileta kwa vipande. Mwandiko wake ulikuwa umeanza kutetemeka, ndiyo maana alitaka ichapwe.

Siku ya kwanza aliniambia mambo mawili.

"Usibadilishe neno langu hata moja, binti. Hata ukiona limekosewa."

"Sawa, Mwalimu."

"Na usiprinti mpaka nikuambie."

Nikamuuliza kwa nini, maana wateja wote hutaka kuondoka na karatasi mkononi.

Akasema, "Nikiiona kwenye karatasi nitaichana."

Barua ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Roida, fundi cherehani, anakaa mtaa wa Ramadhani kule Njombe mjini. Walikuwa hawajasemezana miaka sita.

Mpiga chapa anasoma kila kitu, hakuna namna. Nayaandika haya leo kwa sababu Roida mwenyewe aliniruhusu, tulizungumza kwenye simu wiki iliyopita. Kisa chenyewe ni kwamba Roida alikuwa ameolewa na dereva wa malori, Idrisa, Mwislamu. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa. Hakwenda kwenye ndoa bomani. Blanketi walilomtumia alilirudisha likiwa bado kwenye karatasi yake.

Halafu mama yake Roida akafia hospitali Mbeya. Usafiri hakuna. Aliyeleta mwili mpaka Mahongole alikuwa Idrisa, kwa lori, bila kuombwa na mtu. Na walipofika makaburini akasimama nje ya uzio kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kuingia.

Mwalimu aliandika hivi, nakumbuka mpaka leo: "Nilimwona amesimama pale kwenye mvua mpaka tukamaliza kuzika. Nilimwona, mwanangu. Nilijifanya sikumwona."

Nilipochapa sentensi ile nilisita. Yeye kwenye benchi akaangalia mlangoni.

Sasa sikilizeni ujinga wangu wa kwanza.

Karatasi zake nikimaliza kuchapa alikuwa anasema, "Hizo baki nazo." Makambako mnaijua baridi yake wakuu, na ule upepo. Mle chumbani nilikuwa na jiko la mkaa chini ya meza. Jiko linahitaji karatasi za kuwashia. Mimi akilini nikasema kazi si imeshaingia kwenye kompyuta?

Nikaziwashia jiko. Zote.

Mara ya mwisho alipokuja aliniambia imebaki karatasi moja tu ya kumalizia. Jumatano iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja. Nikasema labda ni shughuli za mavuno.

Ujinga wa pili ulikuja Alhamisi moja asubuhi.

Kompyuta ilikuwa imeanza kuwa nzito. Jirani yetu alikuwa fundi redio, tumwite Fundi Osca, mtu wa maneno mengi na aliyekuwa akijua kidogo kuhusu kila kitu. Akaangalia skrini akasema, "Hizi picha zote hapa mbele ndizo zinaielemea mashine. Punguza." Akanionyesha jinsi ya kudelete moja, halafu akanifungulia lile folda la vitu vinavyotokea ukibonyeza Start, akanionyesha na hapo. Akaenda zake kunywa chai.

Mimi nikaendelea kwa moyo wote. Delete, delete, delete. Zote za mbele. Zote za kwenye Start. Nikamalizia na kumwaga Recycle Bin, maana sikupenda kuona takataka zimejaa.

Skrini ikabaki tupu, safi kama sahani iliyooshwa. Nikajipongeza.

Halafu akaja mteja wa barua ya kuomba kazi. Nikashika mouse niifungue W.

W haipo.

Nikaenda Start, nikaenda Programs. Pameandikwa neno moja tu, Empty. Kiingereza changu cha shule kilitosha kulielewa neno lile.

 Mteja nikamwambia umeme unasumbua, arudi kesho. Nikamkimbilia Fundi Osca.

Akaja, akaangalia, akashika kiuno. "Aisee. Umefuta kila kitu?"

"Si wewe uliyesema!"

"Mimi nilisema upunguze." Akakaa kwenye kiti changu. "Dawa yake ni moja tu. Tuiformat."

Akaizima akaiwasha upya kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Skrini ikawa nyeusi yote, maandishi meupe, hakuna mouse, hakuna chochote. Akaandika neno format na herufi c na nukta zake mbili.

"Format ndiyo nini?" nikauliza.

"Inaanza upya. Kama imetoka dukani."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo si umeshavifuta?"

Akanyanyua kidole kupiga Enter.

"Hodi."

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitenge kimevaliwa haraka haraka, macho mekundu. Mrefu, mkavu. Nilimjua kabla hajajitambulisha.

Nikamwambia Fundi Osca atoe mkono. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, na akautoa.

"Karibu, dada."

"Asante, mdogo wangu. Mimi naitwa Roida. Baba yangu ni Mwalimu Mgaya wa Mahongole. Nimeambiwa alikuwa anakuja hapa."

"Ndiyo. Anaendeleaje?"

Akakaa kwenye benchi, palepale alipokuwa akikaa baba yake. Akasema Mwalimu amepata kiharusi wiki mbili zilizopita. Majirani walimkuta chini jikoni. Sasa amelazwa Njombe, upande wa kulia haufanyi kazi, hawezi kusema. Wauguzi hawajui hata kama anaelewa anachoambiwa.

"Nimekaa naye siku zote hizo. Ananiangalia tu. Nikimuuliza baba unanisikia, ananiangalia tu. Jirani yake ndiye kaniambia kila Jumatano alikuwa anakuja kwako na karatasi." Akaiangalia kompyuta. "Alikuwa anafanya nini hapa?"

"Alikuwa anakuandikia barua, dada."

Akaweka mkono mdomoni. Kisha akaunyoosha, kiganja juu, kama mtu anayesubiri kupewa kitu.

Na mimi sikuwa na cha kumpa.

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema aliichukua. Lakini alikuwa amekaa pale amenyoosha mkono, na nikamwambia yote. Karatasi nimewashia jiko. Kompyuta nimeifuta asubuhi hii, haijapita hata saa moja. Nililia nikisema, yeye hakulia.

"Ilisema nini? Niambie tu kwa mdomo."

"Anakuomba radhi. Wewe na shemeji. Yale ya msibani, ya..."

Akatikisa kichwa polepole. "Baba yangu hajawahi kumwomba mtu radhi tangu nimfahamu. Unanifariji, mdogo wangu. Nakushukuru."

Wakuu, hapo ndipo nilipoumia kuliko kote. Nilichosema kilikuwa kweli na sikuwa na namna ya kumfanya aniamini.

Fundi Osca akakohoa. "Kwa hiyo nipige Enter au nisipige?"

"Ukipiga tutagombana."

Nikakumbuka Madam Neema. Ndiye mtu pekee niliyemjua aliyekuwa na kompyuta na utulivu kwa pamoja, na chuo chake kilikuwa na simu. Sisi simu ilikuwa kwenye duka la spea, ng'ambo ya barabara. Nikamwambia Roida asiondoke, nikamwambia Fundi Osca asiguse, nikatoka mbio.

Mnaoijua barabara ile mtaelewa. Lori linatoka Zambia, lori linaelekea Zambia, basi la Songea linakata kona, na mimi na kandambili zangu.

Mzee Shabani alikuwa anahesabu filta. Akaniona machozi yananichuruzika. "Eda, kuna msiba?"

"Bado, Mzee. Naomba simu ya Njombe."

Hakuuliza zaidi. Akanisogezea.

Madam Neema alipokea mwenyewe, Mungu ni mwema. Nikamweleza kwa kwikwi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama anauliza bei ya nyanya.

"Mmeshapiga Enter kwenye hiyo format?"

"Hapana, Madam."

"Basi acha kulia. Zile picha ulizofuta si kazi zako. Ni kama vibao vya kuonyesha njia. Umeng'oa vibao, nyumba zipo. Sasa nenda ukafute hilo neno kwenye skrini nyeusi, zima mashine, iwashe kawaida. Huko kweusi usirudi tena, hatuhitaji. Ikishawaka uje."

Nikavuka. Nikafuta neno herufi kwa herufi, nikihofia hata kugusa Enter kwa bahati mbaya. Nikazima, nikawasha. Skrini tupu ikarudi. Nikavuka tena.

"Imewaka, Madam."

"Kwenye keyboard, chini kushoto, kuna kitufe chenye kibendera kinapepea. Umewahi kukitumia?"

"Nilidhani ni urembo."

"Kishikilie, halafu bonyeza R. Kitatokea kisanduku kidogo kinaitwa Run. Hicho ndicho cha kuiagiza mashine moja kwa moja. Huhitaji picha, huhitaji ile skrini nyeusi. Unaandika jina la unachokitaka, unapiga Enter, inakiita. Wewe andika winword."

Nikavuka nikirudia njiani, winword, winword, kama mtoto aliyetumwa dukani. Nikashika kibendera, nikapiga R.

Kisanduku kikatokea, chini kabisa kushoto, kidogo, cha kijivu. Roida akasimama nyuma yangu. Nikaandika. Nikapiga Enter.

Ikalia ng'ong. Ikaleta maneno kwamba haikipati kitu hicho.

Sikumwangalia Roida. Nikatoka tena, nguvu zimeniishia, na safari hii lori la mafuta lilinipigia honi mpaka nikahisi upepo wake mgongoni. Mzee Shabani akatoka dukani. "We mtoto, utakufa leo!"

Nikapiga simu. "Imekataa, Madam. Imefutika kweli."

"Uliandikaje?"

"Win. Halafu word."

"Uliacha nafasi katikati?"

"Niliacha."

"Eda. Neno moja. Bila kuachanisha."

Nilipogeuka kutoka, Mzee Shabani alikuwa amesimama katikati ya barabara kuu na kanzu yake, mikono yote miwili juu, amesimamisha malori pande zote mbili. Dereva mmoja anatukana kwa Kinyakyusa, Mzee wala hamsikii. "Pita, mwanangu! Pita!"

Nikapita.

Kibendera na R. Winword, neno moja. Enter.

Ile taa ndogo ya mashine ikawaka, ikazima, ikawaka. Ndani kukawa na ule mlio wa kusaga. Kisha ukurasa mweupe ukafunguka mbele yangu, mpana, na kale kamstari kanakonyeza.

Nikafungua File. Chini kabisa kuna orodha ya kazi za mwisho. Ya tatu ilikuwa imeandikwa MWALIMU.

Nikaifungua. "Mwanangu Roida."

Wakuu, sijui niwaeleze vipi.  Nilikuwa nimekaa, na bado nilishika meza.

Roida alisoma mistari mitatu ya kwanza kwenye skrini akaniwekea mkono begani. "Ni yeye," akasema. "Hivi ndivyo anavyoandika." Hapo akaanza kulia, na Fundi Osca akatoka nje, akisingizia kwamba kaitwa na mteja.

Nikaprinti. Kurasa kumi na moja. Printer ile ilivyokuwa inakwaruza polepole mstari kwa mstari, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Mzee Shabani alikuja akasimama mlangoni, anahema, akauliza kulikoni. Nikamweleza mbele ya Roida. Akatazama kompyuta yake tupu, akanitazama mimi. "Hizo picha zitarudishwa?"

"Madam Neema anasema zitarudishwa, Mzee."

"Basi funga duka, msindikize dada wa watu."

Tukapanda basi la saa saba.

Njiani hakuisoma. Alisema anataka aisome akiwa naye. Alikaa nayo mapajani, ameifunika na khanga kana kwamba ingelowa.

Tulipofika wodini ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Idrisa alikuwa amekaa nje kwenye baraza, kapu la chakula miguuni. Roida akaniambia amekaa hapo kila siku. Haingii, asije akamsumbua mzee.

Mwalimu Mgaya alikuwa amelala ameegemezwa kwenye mito, uso umelegea upande mmoja, macho kwenye dari. Nilimsalimia, sikuona alama yoyote. Roida akavuta stuli, akafungua karatasi.

Akasoma. Sauti inakatika, anaendelea. Blanketi lililorudishwa. Ndoa ya bomani. Mvua ya makaburini. Mwalimu anatazama dari tu, na mimi moyoni nikaanza kusema labda tumechelewa, labda hasikii.

Tukafika ukurasa wa tisa. Roida akasoma: "Kwa hiyo naomba, kabla sijafa, nimshike mkono mume wangu na kumwambia..."

"Mmm!"

Tukashtuka. Mwalimu alikuwa amegeuza kichwa. Mkono wa kushoto umemkamata Roida kifundo cha mkono.

"Baba? Unaumwa? Nimwite nesi?"

"Mmm-mm!" Anatikisa kichwa. Macho yameelekea kwenye karatasi, kisha yakahamia kwangu. Na yale macho wakuu, kila aliyewahi kukaa darasani anayajua. Ni macho ya mwalimu aliyeona kosa ubaoni.

Nikasogea nikaangalia. Nikataka ardhi inimeze.

"Dada, nimekosea kuchapa. Si mume wangu. Ni mume wako."

Roida akairudia. "Nimshike mkono mume wako."

Mwalimu akamwachia kifundo. Akalaza kichwa kwenye mto. Na ule upande mmoja wa mdomo wake uliobaki hai ukapanda juu. Alikuwa anacheka. Roida akaanza kucheka, anacheka na kulia, muuguzi akaja kuangalia kelele za nini. Roida akamwambia, "Anasikia! Anasikia kila kitu! Kasahihisha!"

Barua haikuwa na mwisho, kumbukeni, ilikuwa imebaki karatasi moja. Roida alipofika neno la mwisho akageuza upande wa pili, hakuna kitu. Akanitazama.

"Alisema atamalizia," nikasema.

Roida akainuka, akatoka barazani. Akarudi amemshika Idrisa mkono, Idrisa amevua kofia, hajui aiweke wapi. Akasimama mbali kidogo na kitanda, kwenye miguu.

Mwalimu akamtazama. Akamtazama muda mrefu. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto kutoka kwenye shuka na kuunyoosha.

Idrisa alivuka ile nafasi kwa hatua moja.

Mimi nikatoka nje. Nikakaa barazani kwenye jua la jioni, na nikagundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa sijala kitu na sikuwa nasikia njaa hata kidogo.

Mwalimu aliishi miaka mingine minne. Maneno machache yalirudi, akatembea kwa fimbo. Alikaa kwa akina Roida, Ramadhani, na Roida ananiambia mtu aliyekuwa akimwogesha na kumnyoa ndevu alikuwa Idrisa. Mimi Madam Neema alinirudishia zile picha Jumamosi yake kwa mikono yake mwenyewe, na akanifundisha kisanduku cha Run mpaka nikakijua vizuri: notepad, calc, winword, explorer. Hadi leo, hata kwenye kompyuta mpya, ndiyo njia yangu ya kwanza. Vijana wa siku hizi wanadhani lazima ufungue lile dirisha jeusi ndiyo uonekane unajua. Mimi sina haja nalo. Nikiliona tu, nakumbuka kidole cha Fundi Osca hewani.

Nilichojifunza, kwa ninavyoona mimi. Usifute usichokielewa, na usikubali kuambiwa "tuanze upya" kabla hujamuuliza mtu wa pili. Kazi ya mtu usiiweke sehemu moja, na karatasi ya mtu hata akikuachia usiigeuze kuni. Na mwenye neno la kumwambia mwenzake, akachapishe wiki hii. Mwalimu alikuwa mtu makini kuliko wote niliowajua, na bado karatasi yake ya mwisho haikufika.

Basi wakuu, mimi nimemaliza. Uwanja ni wenu. Wale wa enzi za floppy na printer za kukwaruza, nani mwingine aliwahi kufuta kitu kazini akahisi dunia imeisha, na kilimwokoa nini? Andikeni hapa chini nisome nikinywa chai. Na kama kuna aliyesoma Mahongole akachapwa fimbo na Mwalimu mrefu wa koti la kijivu kwa kuachanisha maneno vibaya, huyo anisalimie kwa namna ya pekee.